Wauza Mafuta wa Usiku wa Manane

Kila mwaka darasa la kipaimara linapofika kwenye mfano wa wanawali kumi, yupo mtoto atakayenyoosha mkono na kuuliza mbona wale watano wenye busara waliwanyima wenzao mafuta. Wiki chache nyuma tumemfundisha kwamba mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Sasa anasikia kwamba mwenye mafuta alimwambia mwenzake aende kununua usiku wa manane, na Bwana mwenyewe akamhesabu huyo kuwa ndiye mwenye akili. Mtoto anaona mgongano, na kweli upo.

Jibu nililopewa chuoni ni kwamba mafuta yale ni imani, ni utayari wa moyo, na utayari haukopeshwi. Hakuna awezaye kuwa macho kwa niaba ya aliyelala. Ni jibu sahihi na bado ninalifundisha. Ila siku hizi silitoi haraka, kwa sababu kazi inayonilisha imeniweka ndani ya swali lenyewe. Ninaendesha gari la umeme kati ya Karatu, Mbulu na Yaeda Chini.

Nianze na gari, maana bila hesabu yake swali halionekani vizuri. Ni Land Cruiser ya kitalii iliyong'olewa injini ya dizeli ikafungwa mota na betri. Magari ya namna hii si mageni tena kwetu. Magari ya safari ya umeme yalianza kuonekana Tanzania mwaka 2018, na Nairobi kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilijipatia jina kwa kugeuza magari ya watalii kabla ya kuelekea zaidi kwenye pikipiki na mabasi. Wageni wanayapenda kwa sababu hayangurumi wala hayatoi moshi, na mnyama hashtuki. Mimi ninayapenda kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu sirudi nyumbani jioni nikinuka dizeli.

Betri ya gari letu hubeba uniti 60, uniti zile zile tunazonunua kwenye LUKU. Barabara ya vumbi na kokoto hula uniti moja kwa kila kilomita tatu hivi. Mlima una bei yake ya pekee. Gari la tani tatu likipanda mita 100 kwenda juu linakula karibu uniti moja kwa kujiinua tu, mbali na kile linachotumia kusogea mbele. Bonde la Yaeda liko chini ya nyanda za Mbulu kwa mamia ya mita, kwa hiyo kutoka bondeni kuna ushuru ambao haukwepeki. Ukishuka, mota hugeuka jenereta, hulishikilia gari, kazi ambayo breki ingeifanya, na umeme hurudi kwenye betri. Unaona asilimia zikipanda mbele ya macho yako. Haurudi wote. Ukirudishiwa nusu au theluthi mbili ya ulichopandia, shukuru Mungu.

Na ukishafika chini, kituo cha kuchajia kwa njia zetu hizi ni tundu la ukutani, likiwepo. Tundu la kawaida la nyumbani hutoa kilowati 3. Kujaza betri tupu kwa tundu hilo ni saa 20. Mwenye dizeli hajui adha hii. Lita moja ya dizeli ina nguvu ya uniti 10 hivi. Hata kama injini inapoteza theluthi mbili yake kwa joto, dumu la lita tano linatosha kumtoa mtu bondeni, na kulimimina ni dakika moja.

Ndiyo maana madereva wa dizeli wana desturi yao, na ni desturi nzuri. Ukimkuta mwenzako amekwama bila mafuta kule chini, unasimama. Unatoa mpira, mnanyonya kutoka tangi hadi dumu, mmoja anatema mate na kusukutua, mnacheka, mnaachana. Bei mtapatana mkikutana mjini, au hamtapatana kabisa. Nimelelewa kazini na desturi hiyo. Nilipoanza kuendesha umeme niligundua kwamba nimeondolewa uwezo wa kuwa mwema kwa namna niliyoizoea. Yako magari mapya yenye tundu la kutolea umeme nje, lakini letu halina tundu la ukubwa huo. Mwenzangu wa umeme akikwama, hakuna mpira wa kunyonyea. Jibu la wale wanawali watano, kwamba hayatatutosha sisi na ninyi, linakuwa jibu la fundi.

Kwa muda nilifikiri hapo ndipo swali limekwisha. Yapo mambo yasiyomiminika, basi. Bonde lenyewe ndilo lililonikatalia.

Yaeda Chini ni nchi ya Wahadzabe, ambao idadi yao inakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya elfu moja, pamoja na Wadatoga na ng'ombe wao, na sisi Wairaqw tuliotelemka na mahindi yetu. Kila mmoja kati yetu ana namna yake ya kuweka akiba. Yangu ni ghala. Ya Mdatoga inatembea kwa miguu minne. Mhadzabe wa jadi hana. Mwaka 1982 mtaalamu wa anthropolojia wa Uingereza, James Woodburn, aliyekuwa ameishi nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha makala iliyowafanya wajulikane duniani kwa jambo hilo hilo. Alieleza kwamba wako watu wanaofanya kazi leo na kuvuna leo, na wako wanaofanya kazi leo ili wavune mbele, na kwamba tofauti hiyo hubadilisha kila kitu kuhusu nani ana amri juu ya nani. Mnyama mkubwa akiuawa, nyama si ya aliyeua. Iko sehemu iitwayo epeme ambayo ni ya wanaume waliostahili, na iliyobaki inakwenda kambi nzima. Aliyelenga mshale hashukuriwi. Hapati deni la kudai kesho. Watu wanakuja na kuchukua fungu lao kama wanaochota maji mtoni.

Sitaki kuwapamba. Nimekaa nao vya kutosha kuona mtu akificha asali, akificha tumbaku, akila kabla hajafika kambini ili asiombwe. Kugawana kwao kuna msukumo ndani yake. Anayenyima anasemwa mpaka achoke. Lakini hata hilo ni fundisho kwangu. Sisi tunafikiri ugawaji huanza na moyo mwema wa mwenye nacho. Kwao huanza na sauti ya asiye nacho, anayesema nipe bila kuona haya.

Kwa kutokuweka akiba kwao walihesabiwa kuwa wajinga. Katikati ya miaka ya 1960 serikali, ikisaidiana na wamisionari, ilijaribu kuwakalisha pamoja pale Yaeda walime. Wengi waliugua, na baada ya muda walirudi porini. Mwaka 2007 nusura ardhi yao ikodishwe kwa kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na watawala wa Falme za Kiarabu, kabla mpango huo haujaachwa kwa kelele zilizopigwa ndani na nje ya nchi. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la UCRT, walipata hatimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Tangu wakati huo wanalipwa kwa kutunza miti iliyo juu ya ardhi hiyo kupitia biashara ya kaboni, na fedha hizo zimelipia matibabu, ada za shule na walinzi wa misitu. Mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Ninaliwaza hilo sana ninapoteremka na gari langu lisilo na moshi. Mtu aliyeko mbali aliyechoma mafuta kuliko sehemu yake anakuja, kwa njia ya karatasi na benki, kuomba kwenye taa ya watu waliodhaniwa hawana kitu. Mibuyu na migunga ile imesimama kwa sababu wenyewe hawakuigeuza kuwa ghala. Nani basi katika mfano ule ni mwerevu na nani mpumbavu? Nimeshauliza darasani. Watoto wamenitazama tu.

Sasa nieleze usiku mmoja.

Nilikuwa nimepeleka wageni wawili kambini, tukiwa na mpango wa kupanda Mbulu asubuhi. Betri ilisoma asilimia 46. Hesabu yangu ilikuwa safi: kupanda na mwendo hadi Mbulu ningetumia uniti 21 kati ya 27 zilizokuwepo, zinabaki sita za dharura, tope au mzunguko. Vijana wa Kihadzabe walikuwa wamezunguka gari na simu zao, kwa sababu habari imeenea kwamba gari langu linachajisha. Mwanzo nilikuwa nawakatalia. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu: uniti moja inajaza simu hamsini na zaidi. Tangu hapo sikatai. Nilikuwa nabana kitu ambacho hakina hata uzito wa kubanwa.

Saa mbili usiku ikaja sauti nje ya mwanga wa moto. Mama wa Kidatoga, vazi la ngozi, bangili za shaba mkononi, amebeba mtoto wa miaka kama mitatu aliyekuwa ametoka kupata degedege. Mtoto alikuwa amelegea na moto kama jiko. Aliyemleta na kumsemea alikuwa Mhadzabe mwongozaji wetu. Nasema hilo kwa sababu najua magomvi ya maji na malisho yaliyoko kati ya watu wale wawili. Mwongozaji yule mwenyewe alikuwa amenilalamikia mchana kuhusu ng'ombe waliokanyaga chanzo cha maji. Usiku alisimama mbele ya mama yule akamsemea.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine. Pikipiki haiwezi kumbeba mtoto wa degedege gizani kwenye mawe yale. Walitaka kwenda Haydom.

Nikaanza kueleza betri. Nilieleza kwa uaminifu, nikionesha namba kwenye kioo. Haydom iko kusini, juu, upande tofauti na Mbulu. Nikienda, nitafika, lakini sitaweza kurudi wala kuwapeleka wageni bila kuchaji, na sijui nitachaji wapi usiku ule. Yule mwongozaji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, gari lina nafasi. Lina umeme. Mtoto anaumwa. Unahesabu nini tena?"

Wanatuita walimu sisi makatekista, hata wasiosali kwetu. Mama yule hakusema kitu. Alikuwa ameshaufungua mlango wa nyuma.

Nitasema jambo ambalo nililifikiria baadaye kwa utulivu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha zaidi. Mama, mtoto na yule mwongozaji aliyefuatana nasi, wote pamoja hawakufika kilo 130. Kuwainua hao kutoka bondeni hadi juu ni kama robo ya uniti. Robo! Uniti sita nyingine za kupanda huko gari lilizitumia kujibeba lenyewe: mabati yake, betri yake, viti vyake, uzito wake. Tunaposema kwenye mlima kwamba mtu wa lifti atatumalizia chaji, hatusemi kweli. Mtu hana uzito huo. Tukiwa tunaelekea huko huko na tukamwacha njiani kwa kisingizio cha betri, tumemsingizia. Kinachogharimu ni kugeuza safari. Kumpakia mtu ni kazi ya robo uniti. Kumfuata aendako ndiko kunakokula akiba yote. Na nikiangalia maisha yangu nje ya gari naona ni vivyo hivyo. Sadaka ninazozihofia ni ndogo sana, na ile iliyo kubwa kweli, kuacha njia yangu nikashika ya mwingine, nimekuwa siihesabu kabisa.

Wageni walibaki kambini. Walikubali bila neno, na mmoja wao, mama, alitoa blanketi lake. Tukapanda.

Gari la umeme halina gia za kuhangaika nazo. Unakanyaga, linapanda, kimya, unasikia mawe yakisagika chini ya magurudumu na pumzi ya mtoto nyuma yako. Niliendesha polepole, taa za chini, kipoza hewa kimezimwa. Asilimia zilishuka mbele yangu moja moja na nilizitazama kuliko nilivyotazama barabara, mpaka mwongozaji aliponigusa bega kunionesha korongo.

Haydom wana hospitali kubwa, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri wa Norwe mwaka 1955. Mtoto alipokelewa. Ilikuwa malaria, na aliishi. Mimi nikabaki nje na gari lenye asilimia 14.

Hapo nikajikuta nimehamia upande wa pili wa mfano. Nilikuwa ndiye anayezunguka usiku akitafuta mafuta. Nilibisha nyumba ya wageni ya kwanza, wakafikiri nimelewa: mtu anayeomba kuchaji gari. Ya pili alifungua mama mtu mzima, kitenge kifuani, akaniuliza gari linakula kiasi gani. Nilimwambia ukweli, kwamba hadi asubuhi litavuta uniti 27 hivi, na kwamba nitanunua mwenyewe kwa simu. Akaenda kuangalia rimoti ya LUKU yake. Zilikuwepo uniti 4. Nikanunua, akaingiza tarakimu moja moja kwa tochi ya simu. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Akapita vyumba akizima: jiko la umeme, jagi la kuchemshia maji, friji ya vinywaji. Akasema nyaya za nyumba yake ni za zamani, zikibebeshwa vyote zitawaka. Aligusa waya wangu kila alipoamka usiku kuona kama unachemka. Asubuhi nilitaka kumlipa zaidi. Alikataa akisema umeme nimenunua mwenyewe na chumba sikulala.

Nimesoma walivyouelewa mfano ule mababa wa Kanisa. Agostino, Mwafrika, askofu wa Hippo, alisema mafuta ni upendo. Yohane Krisostomo, aliyekuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli na kufa mwaka 407, alikwenda mbali zaidi: mafuta ni sadaka kwa maskini, na wale wauzaji ambao wapumbavu waliambiwa wawaendee ni maskini wenyewe. Kwa maneno mengine, huwezi kuyapata mafuta hayo kwa kuyabana. Unayapata kwa kuyatoa, tena kwa wakati wake, kabla hakujawa usiku. Kwa tafsiri hiyo mgongano wa yule mtoto wa kipaimara unayeyuka. Wale watano hawakuwa wachoyo. Chupa zao zilijaa kwa sababu walikwisha kugawa.

Ninaipenda tafsiri ya Krisostomo, lakini nina shaka nayo moja, na shaka hiyo nimeitoa bondeni. Inamfanya maskini kuwa duka. Natoa kwake ili taa yangu iwake. Mwindaji wa Kihadzabe akishusha nyama kambini hanunui kitu. Anajua hata asante hatapata. Na mama wa Haydom alikataa nisimgeuze mteja wa wema wangu wala mimi wa wema wake. Sijui niwaweke wapi watu hawa katika mfano, ila najua kwamba taa zinawaka kwao.

Maandiko yenyewe hayasemi kwa sauti moja juu ya akiba. Yusufu alijaza maghala ya Misri miaka saba na akasifiwa. Mana jangwani ilimwozea na kuingia mabuu aliyeilaza kwa ajili ya kesho. Mjane wa Sarepta alikuwa na unga wa mkate wa mwisho na mafuta kidogo, Elia akamwambia amwokee yeye kwanza, akafanya hivyo na chupa haikuisha. Ningependa kumhubiri mjane wa Sarepta kila Jumapili. Ila betri yangu haina muujiza. Kupanda mlima ule usiku ilishuka sawasawa na hesabu, na kama yule mama wa pili asingefungua mlango, wageni wangu wangekaa bondeni wakinisubiri, na mvua ikinyesha mbuga ile ya Yaeda inageuka tope ambalo hata trekta haliingii.

Ndiyo maana nimeacha kubishana juu ya wale wanawali, wenye busara na wasio nayo, nikaanza kuwauliza wauzaji. Mfano unawataja kwa kupita tu, na sijasikia mahubiri hata moja juu yao. Ni nani hao waliokuwa na mafuta saa zile? Walikaa umbali gani? Kama duka lingekuwa jirani, wale watano wangerudi kabla mlango haujafungwa, na busara ya wenzao isingekuwa na sababu ya kuonekana chungu kiasi kile. Ninajua Bwana hakuwa akifundisha biashara. Lakini sisi tunaoishi katika nchi yenye wauzaji wachache tuna haki ya kuona kwamba uchache wao ndio unaotulazimisha kuchagua kati ya mgonjwa na safari.

Norwe, ilikotoka hospitali ile, ni nchi ya milima na baridi, na baridi hudhoofisha betri. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya kila 10 yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Hawakufika hapo kwa kuwa madereva wao ni mashujaa. Serikali ilitoa ruzuku vituo vya kuchaji haraka vijengwe kando ya barabara kuu, pamoja na zile zinazovuka milima, na dereva wa kule hana tena nafasi ya kuwa mtakatifu kwa sababu ya chaji. Wapo wenzangu katika halmashauri ya parokia waliosema hiyo ni hasara ya kiroho, kwamba shida ndiyo inayofundisha watu kupendana, na kwamba Yaeda ikipata tundu kila kijiji watu wataacha kugongeana milango. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto yule hakuja duniani kuwa mtihani wa upendo wangu. Kama upendo wa mama wa Haydom ungeweza kuwekwa ukutani mapema, ukiwa na waya mnene na fyuzi yake, ningekuwa radhi nisimjue mama huyo maisha yangu yote.

Umeme wenyewe nchini haujawa haba kama zamani. Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kuzalisha mapema mwaka 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Haba ni tundu la mwisho, lile lililo chini ya mlima. Kwa hilo nimepiga hesabu nyingine, na hii nimeipeleka kwenye halmashauri. Paneli tatu za sola za wati 500 kila moja, kwa jua letu, hutoa uniti 6 hivi kwa siku. Hizo zinatosha kulipa ule ushuru wa mlima kwa gari moja kila siku. Zikifungwa bondeni, kwenye kigango au karibu na zahanati, na betri ya kulaza umeme wa mchana, zitachaji simu za vijana wote, zitawasha taa ya mkunga, na gari litakalokuja na mgonjwa au kumfuata litakuta kitu. Paroko ameliona jambo. Mtunza hazina ameuliza maswali matatu: nani atalipia, nani atalinda, na je, mgeni asiye Mkristo naye atachaji?

La tatu nilimjibu pale pale kwamba ndiyo, naye akaliandika kwenye muhtasari. La pili linazungumzika. Walinzi wa misitu wa kijiji wapo na wanajua kazi. La kwanza bado. Mwajiri wangu ameahidi betri iliyotolewa kwenye gari jingine, ambayo imechoka kwa safari lakini inafaa kukaa mahali pamoja. Paneli zinahitaji fedha, na mavuno ya mwaka huu yalikuwa haba. Kikao kijacho kitakuwa baada ya Pasaka, na nimeomba kwamba safari hii mwongozaji wetu wa Kihadzabe aitwe aketi nasi, pamoja na mzee mmoja wa Kidatoga.